Usikate Simu

Mimi ni karani wa dawati la tatu,
kituo cha polisi, mji wa Łódź, nchini Poland.
Novemba. Jua limekata tamaa tangu saa tisa.
Kazi yangu ni kuandika walichoibiwa wengine.
Mwezi huu visa kumi na kimoja, vyote vina mwanzo mmoja:
"Alisema yeye ni askari."

Bi Genowefa Szulc aliingia na theluji mabegani.
Hakuketi.
Aliomba kitambulisho changu, akakisoma mbele na nyuma,
akatoka hadi duka la maua ng'ambo ya barabara,
akaazima simu ya muuza maua,
akapiga kituoni kuuliza kama nipo.
Nilimsikia mwenzangu wa mapokezi akijibu,
"Yupo, mama. Mwembamba. Ana mafua."
Ndipo akarudi, akavua glavu, akaanza.

"Simu ililia nikimenya viazi.
Mwanamume, sauti imenyooka kama shati la pasi:
Inspekta Zaremba, Idara Kuu ya Upelelezi.
Benki yangu ina mwizi ndani, akasema,
akiba yangu haitafika jioni.
Serikali inanihitaji, mimi!
Nisimwambie mtu, hata mwanangu, hata padri.
Nifunge zloti elfu arobaini kwenye gazeti,
nizitupe dirishani, askari kanzu atazidaka.

Nikamwuliza, nitajuaje wewe ni nani?
Akafurahi, kana kwamba nimemwulizia watoto wake.
'Piga mwenyewe mia moja na kumi na mbili, mama.
Hakikisha. Ila usikate simu.'
Nikabonyeza. Mwanamke akapokea: Polisi.
Ndiyo, Zaremba ni wetu, mtu mwema."

Hapo alinyamaza, akagusa sikio la kulia.

"Miaka thelathini na mmoja nilikuwa kiwandani,
mitambo mia mbili ikifuma kwa pamoja.
Sikio la kushoto lilibaki huko.
Hili nililifundisha:
katika kelele zile nilijua
mtambo upi umelegea msumari.
Basi, nyuma ya Zaremba kulikuwa na jokofu.
Linaguna, linakohoa mara mbili, linanyamaza.
Na nyuma ya yule mwanamke wa Polisi
linaguna,
linakohoa mara mbili.
Jokofu lile lile, mwanangu.
Serikali nzima imekaa jikoni kwa mtu!"

Nilicheka. Yeye hakucheka.
"Nikakata. Kisha nikaketi sakafuni,
maana pesa zilikuwa tayari ndani ya gazeti."

Nikaandika saa, namba, maneno yote,
na lile jokofu, ingawa fomu haina nafasi yake.
Kikulacho ki nguoni mwako;
hiki ki nguoni mwangu.
Kimevaa vifungo vyangu, kofia yangu,
salamu yangu ya asubuhi,
nami nimebaki uchi
mbele ya kila bibi mwenye haki ya kunishuku.

Nikamwambia alilokwisha kulijua:
simu isiyokatwa haiendi kwingine,
ubonyeze namba upendayo, yule yule atapokea.
Kata kwanza. Subiri. Tumia simu nyingine.
Na polisi hatuna biashara ya madirishani.

"Andika hayo kwa herufi kubwa," akasema.
"Si kwa ajili yangu."

Akaelekeza kidevu kwenye mlango wa kioo.
"Yule ni Leokadia, wa ghorofa ya chini.
Yeye alitupa. Jumanne. Pesa za mazishi yake.
Hajamwambia mtu.
Ananiuliza, nitaanzaje kusema mimi mjinga?
Nikamwambia, nitatangulia mimi,
utasikia kupitia mlangoni kwamba hakuna anayecheka."

Nami nilikuwa nimecheka.

Yupo kwenye benchi la korido,
kofia ya sufu, mkoba umebanwa magotini,
macho kwenye viatu vyangu.
Nimetoa fomu ya kumi na tatu.
Nimechomoa waya wa birika ili pawe kimya.
Nimeweka kitambulisho mezani, uso juu.

Bado hajaingia.